Ukuta wa mita 6 kwa mikono isiyowahi kushika mwiko

Swali: "Nataka kujenga mwenyewe ukuta wa matofali ya kuchoma uani kwangu. Urefu ni mita 6 na kimo mita 1.2, kuanzia kwenye kona ya nyumba. Sijawahi kushika mwiko. Jirani kanishauri nilaze safu moja tu, unene wa nusu tofali, ili nitumie nusu ya matofali. Je, nitaweza? Na nikianza Jumamosi, wikendi mbili zitanitosha?"

Utaweza, ndugu yangu. Mwiko hauogopeshi. Ukishalaza matofali mia moja hivi mkono unaanza kuelewa wenyewe, na ukuta wa uani haubebi paa wala dari, kwa hiyo kosa la hapa na pale linasameheka. Nikianza na sehemu ya swali lako isiyosameheka, ni ule ushauri wa jirani.

Ukuta wa nyumba hushikwa na kuta wenzake kwenye kona na kubanwa na paa kwa juu. Ukuta wa uani hauna wa kumwegemea. Umesimama kwa uzito wake tu, na adui yake wa kila siku ni upepo (na siku nyingine mtoto aliyepanda juu yake). Nguvu ya upepo ya kuuangusha hupanda haraka kuliko kimo: ukikiongeza kimo mara mbili, nguvu ya kuupindua inakuwa mara nne, ilhali uzito unaoushikilia chini umeongezeka mara mbili tu. Unene nao hufanya kazi kwa hesabu hiyohiyo, ila upande wako. Ukiupunguza nusu, uzito unabaki nusu, na kitako unachosimamia nacho kinabaki nusu, kwa hiyo ukaidi wa ukuta mbele ya upepo unashuka hadi robo. Jirani anakuokolea nusu ya matofali na kukupokonya robo tatu za uimara.

Ukuta wa nusu tofali uliosimama peke yake nisingeupandisha zaidi ya nusu mita hivi bila nguzo. Kwa mita 1.2, jenga unene wa tofali zima, yaani kama sentimita 21.5 ukitumia matofali ya kipimo kinachojulikana sana cha milimita 215 kwa 102.5 kwa 65. Kumbuka pia kwamba mita moja ya mraba ya ukuta wa unene huo ina uzito wa karibu kilo 400. Ukuta wako mzima utakuwa na karibu tani 3 juu ya ardhi, na ukianguka, unaanguka wote kwa pamoja. Na ikiwa upande mmoja wa ukuta una ardhi iliyo juu kuliko mwingine, simama hapo, usiendelee na maelezo haya. Ukuta wa kuzuia ardhi ni kazi nyingine kabisa, kwa sababu ardhi iliyolowa inasukuma kwa nguvu ambayo macho hayaioni. Huo unataka mhandisi.

Nikichukulia kwamba uani kwako ni tambarare, kwamba unaruhusiwa kujenga hapo, na kwamba umehakikisha hakuna bomba wala waya chini ya mstari wako, tuchimbe.

Msingi ndio sehemu ambayo wanaojifunza huifanya kwa pupa, kwa sababu hakuna atakayeiona. Chimba mtaro wenye upana wa sentimita 45 na kina cha sentimita 45, kisha tazama chini. Ukiona bado ardhi nyeusi yenye mizizi, au kisigino kinazama ukikanyaga kwa nguvu, endelea kuchimba hadi ufike ardhi ngumu isiyoguswa. Udongo wa mfinyanzi unaopasuka kiangazi na kuvimba wakati wa mvua unahitaji kina zaidi, hasa kama kuna mti mkubwa karibu. Usijaze kifusi kurudisha kina ulichozidisha. Jaza zege. Sakafu ya mtaro iwe bapa na usawa. Kusawazisha kutoka mwanzo hadi mwisho kunahitaji mpira mwembamba unaoona ndani, uliojaa maji bila kipovu cha hewa: maji ya ncha zote mbili hukaa kimo kimoja, hata kama katikati mpira umelala chini. Kwa urefu wa mita 6 mimi huamini mpira huo kuliko pimamaji fupi (rula yenye kipovu cha kuonyesha usawa) inayohamishwa mara sita, kwa sababu kila unapoihamisha unaongeza kosa dogo juu ya kosa dogo.

Piga vigingi vya mbao mtaroni ili kuonyesha usawa wa juu wa zege, kisha mwaga zege lenye unene wa sentimita 20: saruji kipimo 1, mchanga 2, kokoto 4. Kwa mtaro huu ni zaidi kidogo ya nusu mita ya ujazo, inayohitaji kama mifuko 4 ya saruji ya kilo 50. Pima kwa ndoo. Koleo halipimi kitu, maana la mchanga mkavu na la mchanga uliolowa havilingani, na mkono uliochoka huchota kidogo. Shindilia zege kwa ubao hadi mapovu yaishe, ng'oa vile vigingi na uzibe mashimo yake, kisha ulifunike kwa nailoni au magunia yaliyolowa. Lipe wiki moja. Zege haligandi kwa kukauka, linaganda kwa saruji kuungana na maji, na likikaushwa na jua siku ya kwanza linabaki dhaifu maisha yake yote.

Wiki hiyo ya kusubiri itumie kwenye hesabu na matofali.

Mafundi wazoefu hawachagui urefu wa ukuta kwa mita, huuchagua kwa matofali. Tofali la milimita 215 pamoja na kiungio cha milimita 10, yaani mota ya saruji na mchanga inayokaa kati ya tofali na tofali, huchukua milimita 225. Mita 6 ukizigawa kwa 225 unapata 26 na kipande, maana yake ni kukata tofali katika kila kozi (mstari mmoja wa ulalo wa matofali) kwa sababu ya mazoea tu ya kupenda namba kamili. Fanya ukuta uwe na matofali 27, utatoka mita 6 na sentimita 6.5, na hutakata ovyo. Kimo kimekukalia vizuri: tofali la milimita 65 na mota ya milimita 10 ni milimita 75, na kozi 16 zinatoa mita 1.2 kamili. Ongeza kozi 3 zitakazokaa chini ya ardhi juu ya zege, jumla 19. Kila kozi ya unene wa tofali zima inakula matofali 54, kwa hiyo ni 1,026. Agiza 1,100, kwa maana yatavunjika na mengine utayakataa. Kama matofali yako yana kipimo kingine, pima kumi yakiwa yamepangwa mstari mmoja, tafuta wastani, uongeze milimita 10, kisha rudia hesabu. Usiamini kipimo cha kuambiwa.

Tofali zuri linajitangaza. Gonga mawili pamoja, yanapaswa kulia kama chuma. Yakitoa sauti ya kibao kilichooza, hayakuiva. Lidondoshe moja kutoka kimo cha mita 1, bapa, kwenye ardhi. Lisivunjike. Likwaruze kwa ukucha. Lisiache unga. Halafu pima unywaji wake wa maji: lipime kilo likiwa kavu, lilaze ndani ya maji saa 24, lipime tena. Likiwa limeongezeka zaidi ya sehemu 20 kati ya 100 za uzito wake, hilo ni sifongo. Yale magumu kuliko yote katika shehena, yanayolia vizuri na kunywa maji kidogo, yaweke kando kwa ajili ya kozi za chini ya ardhi na 2 za kwanza juu yake. Nitakuambia sababu.

Mchanga uwe wa mto au wa machimbo, usiwe wa pwani ambao haujaoshwa, kwa kuwa chumvi yake itaendelea kutoka ukutani miaka mingi. Tia mchanga hadi nusu ya chupa inayoona ndani, ongeza maji yenye chumvi kidogo ya jikoni, tikisa kwa nguvu, uache saa 3. Tope litakaa juu ya mchanga kama tabaka la pekee. Likizidi sehemu 8 hivi kati ya 100 za kimo cha mchanga, uoshe au utafute mwingine, maana tope huizuia saruji kushikana na chembe.

Sasa mota, yaani saruji na mchanga uliochanganywa kwa maji, ambayo wengine wetu kazini tunaiita udongo tu. Kipimo 1 cha saruji kwa 4 vya mchanga kinafaa chini ya ardhi, na 1 kwa 5 kinafaa juu. Kwa ukuta wako wote ni kama mifuko 4 ya saruji na zaidi ya nusu mita ya ujazo ya mchanga. Utasikia watu wakijisifu kwa mota ya 1 kwa 2. Usiwaige. Ukuta husogea kidogo kwa joto na unyevu, na mota ikiwa ngumu kuliko tofali, ufa unapita katikati ya tofali. Mota iliyo dhaifu kidogo hupasuka yenyewe kwenye viungio, vinyufa visivyoonekana, ambavyo hata vikionekana utaviziba kwa mwiko mdogo. Mwenye chokaa ya ujenzi aiongeze: saruji 1, chokaa 1, mchanga 6. Mota hiyo hulainika kama siagi na humvumilia anayejifunza. Nimewahi kuona fundi akitia sabuni ya kuoshea vyombo ili mota iteleze. Inateleza kweli, kwa sababu sabuni inaingiza mapovu mengi yasiyo na mpango, na nguvu ya mota inashuka bila mtu kujua imeshuka kiasi gani. Acha.

Changanya vikavu hadi rangi iwe moja, ndipo utie maji kidogo kidogo. Imefaa pale ukiichota na kuugeuza mwiko kichwa chini, mota inang'ang'ania sekunde moja mbili kabla ya kuanguka. Changanya inayoweza kuisha ndani ya saa 2, na kwenye jua kali punguza zaidi. Ikianza kuwa ngumu ndani ya karai, usiifufue kwa maji. Inalainika, lakini ule mshikamano ulioanza umekwisha kuukata. Itupe bila huzuni. Na vaa glavu na miwani: mota mbichi ni kali kama magadi, inachoma ngozi polepole, na maumivu huja usiku wakati kidonda kimeshaiva.

Kosa langu la kwanza kabisa katika kazi hii lilikuwa la maji. Nililaza matofali makavu yaliyoshinda juani, kozi nne safi, nyuzi zimenyooka, nikaenda kulala nikijiona fundi. Siku ya pili niliegemea ukuta na tofali la juu likanyanyuka mkononi mwangu, chini yake kukiwa na mota kavu kama biskuti. Tofali lilikuwa limenywa maji yote ya mota kabla saruji haijafanya kazi yake. Jaribio la kukuepusha na aibu hiyo ni dogo: chora duara juu ya tofali, upana wa sentimita 2.5, udondoshe matone 20 ya maji ndani yake. Yakinyonywa kabla ya dakika moja na nusu, matofali yako yana kiu na yanataka kuloweshwa. Yaloweshe mapema, kisha yaache hadi uso wake usiwe unang'aa kwa maji. Tofali linalochuruzika nalo ni tatizo, linaelea juu ya mota na kuteleza kutoka kwenye mstari.

Siku ya kujenga, anza bila mota. Panga kozi ya kwanza kavu juu ya zege, ukiacha nafasi ya upana wa kidole kati ya tofali na tofali, uone kama zote 27 zinaingia. Kama ukuta unatoka nyumbani kwa pembe mraba, pima mita 3 kwenye ukuta wa nyumba na mita 4 kwenye uzi wako. Umbali kati ya alama hizo mbili ukiwa mita 5 kamili, pembe imekaa.

Mpangilio ninaokushauri ni kozi 3 za matofali ya kulala kwa urefu, safu mbili sambamba, kisha kozi 1 ya matofali yanayopita kutoka uso mmoja wa ukuta hadi mwingine. Hayo ya kupita ndiyo yanayozifunga safu mbili kuwa kitu kimoja, bila hayo una kuta mbili nyembamba zinazojifanya marafiki. Katika kozi ya kupita, tofali la pili kutoka kila mwisho liwe kipande kilichopasuliwa kwa urefu, nusu ya upana, la sivyo viungio vya wima vitaangukiana na vya chini. Viungio vya wima visipande juu ya vingine hata siku moja.

Jenga miisho yote miwili kwanza, kozi 4 au 5, ukiishusha kwa ngazi kuelekea katikati. Hapo ndipo utakapotumia muda wako mwingi, na ni sawa. Kila tofali la mwisho lipite mikononi mwa pimamaji kwa ulalo, timazi (uzi wenye uzito unaoning'inia) kwa wima, na ufito ulioutia alama kila milimita 75 kwa kimo. Miisho ikishakuwa sahihi, unafunga uzi kutoka mwisho mmoja hadi mwingine na kujaza katikati kwa kuufuata. Uzi usiguswe na tofali. Uache mwanya wa unene wa karatasi ngumu, kwa sababu tofali moja likiusukuma, yote yanayofuata yatafuata uongo wake.

Kulaza kwenyewe: tandaza mota ya matofali matatu manne kwa wakati mmoja, paka mota ya kutosha kwenye kichwa cha tofali, libonyeze chini na pembeni kwa mkono mmoja hadi mota itoke, kata iliyotoka kwa mwiko. Kama tofali lina kishimo upande mmoja, kikae juu kijazwe mota. Likishakaa, usilichezee. Ukigundua baada ya nusu saa kwamba limepinda, usiligonge kulirudisha, kwani umekwisha kuvunja mshiko. Litoe, kwangua mota yote, weka mpya. Na jaza viungio vya wima mpaka ndani, hata vile vya katikati visivyoonekana. Ukuta mwingi unaovuja huvuja hapo.

Usipande zaidi ya mita 1.2 kwa siku, mota mbichi ya chini inakamuliwa na uzito. Hilo halitakusumbua, utaona.

Nilikuahidi sababu ya yale matofali magumu ya chini. Katika kuta za nyumba tunatandika nailoni nzito juu ya msingi ili unyevu usipande. Watu wengi wanaihamishia kwenye ukuta wa uani. Nailoni hiyo inaukata ukuta vipande viwili visivyoshikana, na upepo utakapokuja utaukuta umekaa tu juu ya plastiki. Matofali yasiyonywa maji yanazuia unyevu karibu vilevile, na mota inabaki imeshikana kutoka zege hadi juu.

Sehemu ya juu nayo ni mlango wa maji. Ukuta ulioachwa wazi juu unakunywa kila mvua na kuoza kutoka kichwani. Uvishe kofia ya saruji au vigae vizito vinavyotokeza nje sentimita 4 au 5 kila upande, vyenye mchirizi mdogo kwa chini, karibu na ukingo, ili tone lidondoke badala ya kurudi ukutani.

Na pale ukuta unapokutana na nyumba, usiufunganishe. Methali inatuamuru tuzibe ufa, lakini hapa acha ufa wa sentimita 1 kwa makusudi kutoka msingini hadi juu, uujaze kitu laini kinachobonyea. Nyumba yako imekwisha kutulia kwenye ardhi, ukuta mpya ndio kwanza unaanza kushuka. Ukivifunga pamoja, kimoja kitampasua mwenzake.

Viungio vya nje vimalizie siku hiyohiyo, mota inapobonyea alama ya kidole bila kukichafua. Pitisha bomba dogo au mpini wa chuma ulioviringana ili kuvibana na kuacha kijibonde, vya wima kwanza, vya ulalo baadaye. Piga brashi laini mota ikishakauka, si kabla. Kisha funika ukuta kwa magunia yenye unyevu au nailoni, siku 3 kama hali ni ya kawaida, wiki nzima kama ni jua kali.

Sasa wikendi mbili. Anayejifunza hulaza matofali kama 150 kwa siku kwa kazi nzuri, pungufu siku ya kwanza. Matofali 1,026 ni siku 7. Kuchimba na kumwaga zege ni wikendi nzima, halafu wiki ya kungoja, halafu wikendi 3 na nusu za kulaza, halafu siku ya kofia. Weka wikendi 5, na ya sita mfukoni kwa ajili ya mvua. Kabla ya yote hayo, nunua mfuko mmoja wa saruji zaidi uuweke kando bila kuufungua, kisha changanya mota ya mchanga na chokaa bila saruji hata kidogo, na ujenge ukuta wa mazoezi wa kozi 5 nyuma ya nyumba. Utaubomoa jioni, utaosha matofali, na ule mfuko wa ziada utakuwa umebaki kwa siku utakayokosea vipimo.